Mchumba wangu hakumbuki aliyoyafanya usiku. Ananidanganya?

Shikamoo Anti Tusa,

Mimi ni binti wa miaka 23, fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mchumba wangu ana miaka 24, ni fundi pikipiki. Barua yake imeshapokelewa kwetu Tukuyu, mahari amelipa nusu, na harusi tumepanga Desemba. Kadi za michango zimeshaanza kuzunguka.

Shida ni pombe. Si mtu wa kulewa kila siku. Jumatatu mpaka Alhamisi anapiga kazi, labda bia moja jioni. Ijumaa na Jumamosi ndiyo hatari. Anaanza saa moja jioni na wenzake wa gereji, na ikifika saa sita usiku yeye peke yake ameshamaliza bia mbili na vile vichupa vidogo vya pombe kali viwili, siku nyingine zaidi. Asubuhi hakumbuki kitu.

Mwezi uliopita alimpigia mama yangu saa tano usiku. Mama anasema alimsalimia vizuri kwa Kinyakyusa alichojifunzia huku kwetu, akaulizia migomba, akaulizia ng'ombe, halafu akageuka na kuanza kumtukana, eti anatuuza watoto wake kama mbuzi mnadani. Kesho yake mchana akaniuliza, "Mama hajambo? Sijaongea naye siku nyingi." Nikadhani ananifanyia mzaha. Nilipomwonyesha kwenye simu yake kwamba waliongea dakika 11, akalia. Anti, mtu anaongeaje dakika 11 halafu asikumbuke hata neno moja?

Siku nyingine alituma shilingi 180,000 kwa namba asiyoijua. Mara moja alinisukuma nikagonga mlango, hilo nalo hakumbuki. Na siku hizi hata asipokunywa anasahau. Kabureta ya mteja aliiweka mahali, mpaka leo haijulikani iko wapi.

Mama yake yuko Njombe, anasema ni ujana tu, akioa ataacha, maana ameanza ulanzi, ile pombe ya mianzi, tangu ana miaka 14 na hajawahi kuumwa. Rafiki yangu anasema ananidanganya, mlevi anakumbuka kila kitu ila anajificha. Nimwamini nani? Na mama nimwambie nini?

Binti wa Tukuyu

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na rafiki yako, kwa sababu hilo ndilo linalokunyima usingizi. Kwa habari ya ile simu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mchumba wako hadanganyi. Mtu aliyekunywa nyingi kwa haraka anaweza kuongea, kucheza muziki, kuhesabu chenji, hata kujiendesha mpaka nyumbani, na kesho yake kichwani pasiwe na kitu. Si kwamba alizimia. Macho yalikuwa wazi na mdomo ulikuwa unafanya kazi. Kilichogoma ni sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambayo kazi yake ni kulichukua jambo linalotokea sasa hivi na kuliweka ili kesho lipatikane. Nenda ghala lolote la mpunga kule Ubaruku: magunia yanapita kwenye mzani, watu wote wanayaona, lakini kama karani hakuandika, jioni hata umbane vipi, daftari halina namba.

Ndiyo maana aliweza kumsalimia mama yako kwa heshima zote na kuulizia migomba. Kinyakyusa chake na habari za kwenu viliwekwa zamani, pombe ya usiku ule haikuvifuta. Na yale yaliyosemwa dakika moja iliyopita alikuwa bado anayo, ndiyo maana mazungumzo hayakukatika na mama hakugundua kwamba anaongea na mtu asiyehifadhi neno.

Mwaka 1970 daktari mmoja wa Marekani, Donald Goodwin, aliwapa wanywaji wazoefu wiski nyingi wakiwa chini ya uangalizi hospitalini, kisha akawaonyesha vitu na picha. Alipowauliza baada ya dakika mbili, walikumbuka. Alipowauliza baada ya nusu saa, baadhi yao hawakuwa na chochote, na kesho yake hivyohivyo. Watu wazima, macho makavu, wameona kitu na kukitaja, nusu saa baadaye hakipo. Kwa hiyo dakika 11 za mchumba wako hazinishangazi.

Wapo pia wanaopoteza vipande tu. Huyo ukimwambia "si pale tulipomkuta yule kaka wa bajaji", anashtuka, "aah, kweli", na mambo yanaanza kurudi. Mwingine anapoteza usiku mzima kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi, na hata umkumbushe mpaka Pasaka hautarudi, kwa kuwa haukuwekwa popote. Mchumba wako alionyeshwa simu akalia. Kwa maelezo hayo namweka huku kwa pili. Na uwe makini: wenzake wakimsimulia yaliyotokea, ubongo unaweza kuyachukua maneno yao na kuyafanya kama yake, akaapa kwamba anakumbuka. Usimtegemee awe shahidi wa usiku wake mwenyewe.

Rafiki yako hajakosea kila kitu. Wapo wanaume, na wanawake pia, wanaoificha aibu yao nyuma ya "sikumbuki". Ila kwako wewe, mwanangu, majibu yote mawili hayamsafishi. Akiwa anadanganya, unaolewa na mwongo. Akiwa anasema kweli, unaolewa na mtu ambaye kila Ijumaa kuna saa kadhaa yeye hayupo, lakini mikono yake ipo, simu yake ipo, na namba ya siri ya pesa zake anaijua. Mimi la pili linaniogopesha kuliko la kwanza.

Sasa tufanye hesabu, maana watu wengi wanahesabu chupa na hawahesabu kilichomo. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina pombe halisi kama gramu 20. Kichupa cha mililita 200 cha asilimia 35 kina kama gramu 55, yaani karibu bia tatu ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati. Bia mbili na vichupa viwili ni gramu 150. Shirika la Afya Duniani linahesabu gramu 60 kwa mkao mmoja kuwa unywaji wa kupindukia. Yeye anapita mara mbili na nusu, na umesema siku nyingine anazidisha. Ini linasafisha kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, na halikimbizwi na supu ya makongoro, kahawa wala maji ya baridi. Kwa hiyo Jumamosi saa mbili asubuhi, anapopanda pikipiki ya mteja kuijaribu barabarani, pombe bado imo kwenye damu.

Viroba, zile pombe kali za vipakiti vya plastiki, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, nami nikiwemo. Kisha kinywaji kilekile kikahamia kwenye vichupa, na vijana wetu wakahama nacho. Na usiniambie habari ya baridi ya Mbeya. Pombe inaifungua mishipa ya ngozini, mtu anahisi joto huku mwili unazidi kupoa. Kijana akilala mtaroni Uyole mwezi wa saba akiwa amelewa, baridi ndiyo inayomuua.

Kinachokata kumbukumbu hasa ni kasi, yaani pombe kupanda kwenye damu kwa ghafla. Kunywa bila kula, kuchanganya bia na kali, kushindana. Hayo ni mambo ya vijana, ndiyo maana jambo hili liko kwao sana. Wanafunzi wa chuo kimoja kikuu cha Marekani waliulizwa mwaka 2002, na kati ya wale waliowahi kunywa pombe, nusu nzima walisema imewahi kuwatokea kuamka bila kumbukumbu ya usiku. Wengi wao baadaye walisimuliwa mambo waliyofanya ambayo hawakuyajua: kuendesha gari, kufanya ngono bila kinga, kuharibu mali. Kwa msichana ni rahisi zaidi kufika huko, maana mwili wake una maji kidogo kuliko wa mwanamume, na glasi ileile inampanda zaidi kwenye damu. Mabinti wa vyuo vya Iringa na Mbeya mnaosoma hapa, mmesikia.

Nije kwa mama yake wa Njombe, na nitamjibu kwa heshima kwa sababu naelewa anakotoka. Huko ulanzi ni kinywaji cha nyumbani. Asubuhi ukitoka kugemwa ni mtamu, hata mtoto anapewa, na jioni uleule umeshakuwa mkali. Mtoto anavuka kutoka huku kwenda kule bila mtu kupiga kelele. Lakini ubongo unaendelea kujijenga mpaka mtu anakaribia miaka 25, na sehemu ya kujizuia na kupima matokeo ndiyo inayochelewa kukomaa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba katika walioanza pombe wakiwa na miaka 14 au chini, zaidi ya asilimia 40 waliishia kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani wa maisha yao. Katika walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, ilikuwa kama asilimia 10. Hiyo miaka 14 anayoitaja kama ushahidi kwamba mtoto ni mzima, mimi ndiyo inayonitia wasiwasi.

"Akioa ataacha." Hili nimelisikia Mafinga, nimelisikia Makambako, nimelisikia hapa Mbeya, na kila mara anayeambiwa ni binti. Ndoa si dozi. Anayepewa kazi ya kuuguza ni wewe, bila mafunzo na bila mshahara.

Kuhusu kusahau mchana akiwa hajanywa. Hapo inawezekana mambo mawili matatu yamekutana. Kwanza usingizi. Pombe inamlaza mtu haraka lakini inauvuruga usingizi wenyewe, na usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga mambo ya mchana. Anayelala vibaya wikiendi mbili tatu mfululizo atapoteza kabureta. Pili, vijana wanaokunywa kwa kupindukia kwa muda mrefu hupimwa na kukutwa kumbukumbu zao ziko chini kuliko za wenzao hata wiki kadhaa baada ya kuacha. Tatu, lishe: pombe inazuia mwili kupata vitamini B1, na upungufu wake ukiwa mkubwa kwa mnywaji wa muda mrefu unaharibu kumbukumbu moja kwa moja, ugonjwa ambao daktari Mrusi, Sergei Korsakoff, aliueleza tangu 1887. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kushika jambo jipya, na mapengo anayaziba kwa hadithi za kubuni huku akiamini ni kweli. Sisemi mchumba wako amefika huko. Kwa miaka 24 na unywaji wa wikiendi, sidhani. Ila ugali wa dona, maharage na karanga vina hiyo B1 kuliko sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pe, na nyie mko Mbeya, maharage hamuagizi mbali. Chakula hicho hakifuti pombe. Kinasaidia mtu aliyeacha.

Habari njema ipo, na sitaki uikose. Ubongo wa kijana unarudi. Akiacha, umakini na kumbukumbu huanza kuimarika ndani ya wiki na miezi, ingawa si kila kitu kinarudi kwa wote. Zile saa zilizopotea hazirudi, hizo azisahau kabisa, lakini uwezo wa kuweka mapya unarudi.

Kuna sentensi umeiandika haraka, katikati ya pesa na kabureta: alikusukuma ukagonga mlango. Mimi nimeisoma polepole. Usiiweke kwenye fungu moja na mambo ya kusahau. Wale wenzake wa gereji wanakaa meza moja naye na kunywa pombe ileile. Je, wote wanawasukuma wake zao? Pombe inalegeza breki, lakini mkono ni wa mtu. Asipokumbuka haina maana kwamba hakikutokea, na wewe huhitaji kumbukumbu yake ili ujue kilichokupata. Kwa sasa, Ijumaa na Jumamosi usiwe naye usiku. Lala kwa dada yako, kwa shoga yako, popote. Ikitokea mara ya pili, dawati la jinsia na watoto lipo kituo cha polisi, na hutoi taarifa kwa ajili ya kumkomoa mtu.

Sasa la kufanya. Ongea naye Jumatano, mchana, kichwa chake kikiwa safi. Usiongee Jumapili asubuhi, maana hapo ana aibu na maumivu ya kichwa, atakuahidi mbingu na nchi. Usimrekodi video akiwa amelewa ukamwonyeshe, na usithubutu kuituma kwa mtu. Najua wengi wanafanya hivyo siku hizi. Aibu inamrudisha kwenye chupa. Andika tu pembeni: tarehe, alichokunywa kwa kadiri ulivyoona, kilichotokea. Simu kwa mama. Shilingi 180,000. Mlango. Mpe asome mwenyewe, kisha nyamaza umwache aongee.

Halafu muende hospitali pamoja. Si lazima muanze mbali, kituo cha afya chochote chenye daktari kinatosha kuanzia, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina idara ya afya ya akili. Najua atasema "mimi si kichaa." Mwambie hiyo idara haihudumii vichaa tu, na daktari huenda akaanza na maswali 10 tu yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani. Swali la nane linauliza: katika mwaka uliopita, ni mara ngapi umeshindwa kukumbuka yaliyotokea usiku kwa sababu ya pombe? La kumi linauliza kama kuna ndugu, rafiki au mhudumu wa afya aliyewahi kuingiwa na wasiwasi juu ya unywaji wako. Hilo la kumi wewe umeshamjibia.

Jambo moja la tahadhari: muulize kama asubuhi mikono inamtetemeka, anatoka jasho, au anahitaji kidogo ndipo atulie. Ikiwa ndivyo, basi anakunywa zaidi ya anavyokuambia, na asiache ghafla peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kupata degedege, na hiyo inaua. Aache chini ya daktari. Kama hana dalili hizo, anaweza kuacha leo.

Nimesema kuacha, sikusema kupunguza. Wapo wanaoweza kupunguza. Aliyeanza na miaka 14, anayepoteza usiku mzima na ameshaanza kusukuma watu, simpi ushauri wa kujaribu bia mbili.

Harusi ya Desemba isogezwe. Usiivunje kama moyo wako bado uko kwake, isogeze, na umpe sharti linaloonekana: amehudhuria hospitali, na miezi kadhaa imepita bila pombe, kwa macho yako na ya watu wengine. Kadi za michango zisikutishe. Kamati ikae, mwenyekiti atangaze kwamba tarehe imebadilika, fedha zilizokusanywa ziandikwe vizuri na zitunzwe, anayetaka yake arudishiwe. Watasema. Watu wa Mwanjelwa wangesema hata ungeolewa kesho.

Na mama. Usimfiche na usimtetee. Mwambie kweli kwamba mkwewe ana shida ya pombe, hakumbuki simu ile, na kutokumbuka kwake hakuondoi matusi aliyoyatoa. Kisha mwachie mchumba wako kazi yake. Kumtukana mama mkwe kwetu hakumalizwi kwa ujumbe wa simu. Apande gari mpaka Tukuyu na mshenga wake pamoja na mzee mmoja wa kwao, akae chini, aombe radhi kwa maneno aliyosimuliwa kwamba aliyasema. Wazee wakidai faini, alipe. Mpangieni safari iwe Jumamosi ya kwanza inayokuja, gari la alfajiri, ili Ijumaa usiku asipate nafasi ya kukaa na wenzake. Kama hawezi kuikosa Ijumaa moja kwa ajili ya mama yako, hilo nalo utakuwa umelijua kabla ya Desemba.